Fimbo Iliyokatwa: Usalama wa Vyumba vya Kupanga Kwenye Milima ya Mwanza

Hotuba ya fundi umeme katika mkutano wa wapangaji na wenye nyumba, Igogo, Mwanza

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, wajumbe wa serikali ya mtaa, wazee wangu, mama zangu mliopanda ngazi zote hizi na jua hili, vijana mliosimama kule nyuma juu ya mawe: mwangaluka!

Mwenyekiti aliponiomba nije kuzungumza aliniambia, "Mama fundi, wewe sema ya umeme, mambo ya mikataba waachie wanasheria." Nimekaa siku mbili nikijaribu kuyatenganisha, nimeshindwa. Kila ninapouliza kwa nini waya fulani umefungwa ovyo, nafika kwenye swali la nani alitakiwa kulipa ili ufungwe vizuri, na nani aliona akaogopa kusema. Kwa hiyo mnisamehe, leo nitayasema yote mawili.

Nimekuja na kitu. Hiki mnachokiona mkononi mwangu ni fimbo ya ethi. Ni chuma kilichopakwa shaba, na dukani inauzwa ikiwa na urefu wa futi nne hivi. Kazi yake ni kuzama ardhini, ili umeme ukivuja pale usipotakiwa, kwenye bodi ya friji, kwenye pasi, kwenye fremu ya mlango, upate njia ya kwenda chini, na swichi ya usalama ishtuke na kujikata kabla mtu hajawa ndiyo njia yenyewe. Hii nimeipima jana usiku kwa rula ya mwanangu wa darasa la nne. Ina sentimita 31.

Niliing'oa kwenye nyumba ya vyumba sita, siyo hapa Igogo, na mwenyewe sitamtaja. Jinsi ilivyofikia urefu huo, kila fundi wa Mwanza anajua. Mji wetu umekaa juu ya jabali. Unapiga nyundo, fimbo inaingia futi moja, inagonga mwamba, inagoma. Kuhama na kutafuta sehemu yenye udongo ni kuchimba mtaro, ni kununua waya mrefu zaidi, ni kumwambia mwenye nyumba kwamba bei imeongezeka. Basi fundi anachukua msumeno wa chuma, anakata kilichobaki juu, anafunga waya kwenye kile kipande, anafukia kwa udongo na kokoto. Ukipita unaona waya wa kijani na njano umeingia ardhini vizuri kabisa. Mwenye nyumba anaona kazi imekwisha. Mpangaji anakuja, anaonyeshwa chumba na dalali, taa inawaka, anatoa kodi ya miezi sita. Kitakachokuja kuonyesha kwamba ile fimbo ni kipande ni mvua.

Nami niliishi kwenye nyumba ya namna hiyo. Nilikuwa nimeshamaliza mafunzo ya umeme, nina cheti, nina boksi langu la vifaa chini ya kitanda. Mlango wa bafu la nje ulikuwa wa chuma, na juu yake kulikuwa na taa ambayo waya wake ulipita kwenye fremu. Siku moja ya masika nikaushika mlango ule nikasikia kitu kama sisimizi wanatembea kwenye vidole. Fundi anajua hicho ni nini. Nilijua palepale. Nikarudi chumbani, nikasema nitamwambia baba mwenye nyumba mwisho wa mwezi, nikishalipa kodi, maana nilikuwa nadaiwa mwezi mmoja, na mwenye deni hana sauti. Nikawaambia wa nyumbani kwangu wavae ndala wakienda bafuni. Hilo ndilo nililofanya, mimi mwenye cheti.

Wiki ya tatu mdogo wangu, binti wa miaka 14, alitoka na ndoo ya maji, miguu mitupu, mikono imelowa. Mlango ulimshika. Kuna mama wa chumba cha pili, Mungu amlipe, hakumkimbilia kumvuta kwa mikono. Alipiga kelele swichi kuu izimwe, akausukuma mkono wake kwa mti wa ufagio. Mdogo wangu yuko hai, ana watoto wawili sasa. Kiganja cha kulia kina kovu kama la pasi, na vidole viwili havikunjiki.

Nilipomwendea mwenye nyumba aliniambia, "Nyumba ni yangu, ukiona haikufai milango iko wazi." Hilo neno mmelisikia wengi hapa. Naona vichwa vinavyotikisika. Nataka leo tuliangalie vizuri, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu yake siyo kweli. Nyumba ni yake, ndiyo. Lakini chumba akishakipangisha, kuna mambo hawezi kuyaamua peke yake.

Wazee mnakumbuka zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984, na mabaraza yake ya nyumba. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo imeenea imani mitaani kwamba mpangaji Tanzania hana sheria inayomlinda, kwamba ni yeye, mwenye nyumba na Mungu wao. Imani hiyo imeumiza watu. Kilichoondoka ni ule udhibiti wa kodi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ipo, na kifungu chake cha 88 kinaweka ahadi ndani ya kila mkataba wa kupangisha, ziwe zimeandikwa kwenye karatasi yenu au hazikuandikwa.

Nitazisema kwa Kiswahili chetu cha huku juu. Ya kwanza: nyumba au chumba kinachopangishwa kwa kuishi kiwe kinafaa kwa binadamu siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa siku zote za upangaji. Sikilizeni hayo maneno, kiendelee kufaa. Mwenye nyumba hawezi kusema nilikukabidhi kikiwa kizima mwaka juzi. Ya pili inawahusu karibu wote mliokaa hapa, maana wengi hatupangi nyumba nzima, tunapanga chumba kimoja au viwili: pale sehemu tu ya jengo inapopangishwa, paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu, korido, njia na vitu vyote vya kutumia pamoja ni jukumu la mwenye nyumba kuvitengeneza. Ngazi ile ya mawe ya kuingilia uani ambayo jiwe lake la tatu linacheza, ni yake. Mfuniko wa shimo la choo uliopasuka, ambao watoto wanaruka juu yake wakicheza, ni wake. Meni swichi ya korido inayonuka kuungua jioni wote wakiwasha majiko, ni yake.

Na ya tatu, ambayo nimegundua karibu hakuna anayeijua. Chumba kikiharibika kwa moto, mafuriko au ajali nyingine ambayo haikutokana na uzembe wa mpangaji, hata kisifae kukaa, kodi inasimama, yote au kwa kiasi cha uharibifu, mpaka patengenezwe. Ikipita miezi sita hapajatengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Ni mara ngapi paa limeezuliwa na upepo wa ziwa, familia imelala kwa jirani, na mwisho wa mwezi inadaiwa kodi kamili?

Kuna mama ameniuliza wakati tunaingia: "Sisi hatuna mkataba wa maandishi, tulikubaliana kwa mdomo tu." Mama yangu, upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kuwa wa mdomo na bado ni upangaji. Maandishi yanasaidia sana siku ya ugomvi, na nawashauri muandikiane hata kwenye karatasi ya daftari. Lakini kukosa karatasi hakukufanyi mgeni wa bure kwenye chumba unachokilipia.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana hata mimi leo nina vyumba vinne ninavyopangisha huko Buhongwa, na sitaki kuzungumza kama vile pesa ya kutengeneza nyumba inaokotwa. Najua mwenye nyumba wa mlimani ni nani. Mara nyingi ni mama mjane aliyejenga kwa dagaa, chumba kimoja kila baada ya miaka miwili. Au ni mzee aliyestaafu, mafao yake yote yako kwenye zile bati. Kodi ya chumba kimoja ndiyo ada ya mjukuu. Ukimwambia arudie waya wa nyumba nzima, anakuona umetumwa kumfilisi.

Ndiyo maana nasema tuanze na kile kinachoua, kingine kisubiri. Rangi isubiri. Vigae visubiri. Mimi kwangu nilipokuta mwamba, tulichimba mtaro kwenda chini kwenye shamba la migomba ambako udongo haukauki, vibarua wawili siku mbili. Tukazika fimbo tatu, mbili zikisimama na moja imelala, tukaziunganisha. Pale ambapo huwezi kwenda chini, nenda pembeni. Halafu nikafunga kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, kimoja kwa nyumba nzima. Kina kitufe cha kujaribia. Kila mwezi nakibonyeza, kikikata najua kiko hai. Soketi waya wake uwe milimita za mraba 2.5, taa 1.5, na msikubali fundi akuunganishie soketi za vyumba saba kwenye waya wa taa kwa sababu ndio aliobakiwa nao kwenye boksi. Muulizeni leseni. Leseni za mafundi umeme zinatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na fundi halali haoni aibu kuionyesha. Asiye nayo ndiye atakayekukasirikia.

Nimesema sana ya umeme. Nije kwenye madirisha, na hapa naomba wenye nyumba mnisikilize kwa moyo.

Tunaogopa wezi, na tuna haki ya kuwaogopa. Kwa hiyo kila dirisha lina grili, imechomelewa ikashikana na fremu, na mlango una geti, na geti la uani linafungwa saa nne usiku, ufunguo anakaa nao mwenye nyumba. Sasa fikirini moto umeanzia mlangoni. Jiko la gesi limelipuka pale kizingitini ambapo sote tunapikia, kwa sababu chumba ni kimoja. Mama na watoto watatu wako ndani. Wanatokea wapi?

Agosti 31, 2023, jengo la ghorofa tano katikati ya Johannesburg, Afrika Kusini, liliungua usiku. Walikufa watu 76, na ndugu zetu Watanzania walikuwemo. Walionusurika walieleza habari za milango iliyofungwa na watu wakijirusha kutoka madirishani. Jengo lile lilikuwa mali ya jiji lenyewe, na tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe ililihesabia jiji lawama kwa kuacha jengo lake liwe vile. Ni mji mkubwa, wenye magari ya zimamoto na barabara pana. Sisi hapa, namba ya Zimamoto ni 114, ipigeni muwaite, lakini tazameni mlivyopanda kuja mkutanoni. Gari lile litaishia kule chini barabarani. Juu huku, dakika tano za kwanza ni zetu wenyewe, na mtu aliye nyuma ya grili iliyochomelewa hana hata hizo.

Dawa yake ni ya fundi wa kuchomelea wa kona yoyote. Grili ya dirisha moja kwa kila chumba ikatwe, iwekewe bawaba na komeo la ndani, ufunguo utundikwe mahali ambapo mtu mzima anaufikia gizani kwa kupapasa, na mwizi aliyeko nje hafiki. Geti la uani kila mpangaji awe na ufunguo wake. Mwenye nyumba anayesema "nikiwapa funguo wataingiza watu ovyo", anaongea jambo la tabia, na la tabia liandikwe kwenye mkataba. Kufungia familia nane kwa kufuli moja si njia ya kulitatua.

Kuhusu mkaa nitasema kidogo tu kwa sababu mnalijua: jiko lenye makaa halilali ndani na watu. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, inakuchukua ukiwa usingizini. Wakati wa baridi ya mvua tunajidanganya kwamba makaa yakishakuwa mekundu bila moshi ni salama. Hapana, ndipo hasa. Na mwenye nyumba aliyeziba tundu za hewa juu ya ukuta kwa sababu ya mbu, azizibue aweke wavu.

Kuta. Sisi wa milimani tunajenga kwa kukata mlima na kuuzuia kwa ukuta wa mawe. Ukuta ule haubebi udongo peke yake. Mvua ikinyesha maji yanajaa nyuma yake, na maji ndiyo yanayousukuma. Ukuta usio na matundu ya kutolea maji chini yake ni bwawa. Utauona unaanza kufanya tumbo. Utaona ufa unaotanuka kutoka vuli moja hadi masika yanayofuata. Weka alama ya penseli pande mbili za ufa, andika tarehe, pima tena baada ya mwezi. Ukiwa umetanuka, msilaze watoto chumba cha upande ule, na mwenye nyumba aite fundi kabla ya mvua. Hapo ndipo kile kipengele cha kuta za nje na mifereji mikuu kinapofanya kazi. Jiwe kubwa lililokalia udongo juu ya nyumba, msilichimbue chini kupata kifusi, hata nafasi ikibana vipi.

Na ndugu zetu wa kule chini ufukweni, ziwa linapanda. Lilipanda 2020, likapanda tena 2024, maji yakaingia ndani ya nyumba za watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa maji zisifanyiwe ujenzi. Dalali akikuonyesha chumba cha bei nzuri chenye upepo wa ziwa, hesabu hatua kabla hujahesabu pesa.

Mpangaji mwenzangu, nawe una sehemu yako. Sheria ileile ya Ardhi inakutaka ulipe kodi kwa wakati, utunze chumba, na umruhusu mwenye nyumba aingie kukagua kwa saa za kiungwana. Ukichomeka jiko la umeme, pasi na friji kwenye ekstensheni moja ya buku tano, moto ukitokea huo ni uzembe wako, na ile ahadi ya kodi kusimama haikuhusu. Ukikuta soketi inachemka, ukanyamaza kama nilivyonyamaza mimi, umewaweka wenzako hatarini.

Sasa unasemaje? Anza kwa heshima, kwa mdomo, maana wengi wanatengeneza wakielezwa vizuri. Usimwendee na kelele mbele ya wapangaji wengine, mwite pembeni, mwambie, "Baba, naomba uje uone mwenyewe." Asipofanya, andika. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia, una tarehe na saa. Piga picha ya soketi, ya ufa, ya ngazi. Tunza risiti za kodi. Mwandikieni pamoja, vyumba vyote sita, kwa sababu mmoja ataambiwa ahame, lakini sita kuhama kwa mwezi mmoja ni hasara ambayo mwenye nyumba yeyote anaipima mara mbili. Na ukiambiwa uhame, kama unalipa kwa mwezi, notisi isipungue mwezi.

Ikishindikana, mjulishe Mwenyekiti wa Mtaa, na kwa choo au mifereji mwite afisa afya wa kata, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kuchukua hatua. Kisha Baraza la Kata. Tangu 2021 Baraza la Kata halihukumu tena migogoro hii, kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa linakupa hati, au zikipita siku 30 bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wasaidizi wa kisheria wapo, huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure, waulizeni ofisi ya kata.

Nimeongea na Mwenyekiti na mafundi wenzangu wawili. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tutapita nyumba kwa nyumba, bila malipo, kuanzia za juu kabisa kushuka chini. Tutafukua ethi ya kila nyumba itakayotukaribisha, tutapima, tutamwambia mwenyewe tulichokiona, mbele ya wapangaji wake. Hatuandiki jina la mtu popote.

Lakini kabla ya hapo, Ijumaa hii, wajumbe watano waje kwanza Buhongwa kwangu. Fimbo zote tatu nitawafukulia. Dirisha la chumba cha tatu bado lina grili isiyofunguka. Fundi wa kuchomelea ameniahidi Alhamisi. Asipokuja, mtalikuta hivyo, na mtaniuliza mbele ya mpangaji wangu ni lini litafunguka, nami nitataja siku.